Kidole cha Ruhusu

6 Februari

Mpwa wangu Mtundu,

Salamu zikukute hapo ulipo na hizo kompyuta zako. Sisi huku wazima. Mama yako hajambo, amepaka rangi mlango wa mbele, kijani kibaya sana, na ukimwambia ni kibaya anakuuliza kama wewe ndiye utakayeamka nacho kila siku. Mke wangu anakusalimu. Mimi mgongo ni ule ule, na sikio la kushoto limefunga kabisa, kwa hiyo mimi na simu hatuivi tena. Na barua pepe usinitajie. Sababu utaiona sasa hivi.

Unaikumbuka programu uliyotuandikia hapa maabara ya maji miaka miwili iliyopita. Mpimaji anapima chupa za maji ya visima, anajaza matokeo kwenye mashine, halafu kila Jumanne na Ijumaa programu yako inaandika yenyewe barua pepe kwa kila nyumba iliyojiandikisha: maji yanafaa, au msiyanywe bila kuchemsha. Barua mia sita, zote kwa jina langu, karani wa matokeo. Ilikuwa raha. Nilikuwa nabonyeza mara moja nakwenda zangu kula.

Mwezi uliopita wametuletea programu mpya ya barua za ofisi, na hiyo imenitoa roho. Kila barua moja inapotaka kutoka, kinachomoza kidirisha cha njano katikati ya kioo: "Programu nyingine inajaribu kutuma barua kwa jina lako. Kama hukutarajia jambo hili, kataa." Chini kuna vitufe viwili, Kataa na Ruhusu. Na hicho cha Ruhusu hakibonyezeki mpaka zipite sekunde tano, kimefifia kama jicho la samaki wa juzi. Unangoja, unabonyeza, kinakuja kingine. Mara mia sita, Mtundu. Nikimaliza nakiona kile kidirisha hata kwenye sahani ya chakula, na hamu yote inakatika.

Mkuu wetu, ambaye tunamwita Tumemaliza kwa sababu hilo ndilo neno lake la kutwa, anakuja kusimama nyuma yangu akichokonoa meno kwa kipande cha karatasi. Anauliza, tumemaliza? Halafu kile kipande anakiacha juu ya meza yangu. Nakiokota kwa rula.

Kiondoe hicho kidirisha. Programu umeizaa wewe, basi ifunze njia ya kutoka bila kuniita mlangoni mara mia sita.

Mjomba wako

27 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika ikiwa na doa la mafuta, nikajua uliiandika mezani kwa mkaza mjomba. Mwambie nimemmisi. Mimi mzima, isipokuwa jirani wa juu anayehamisha kabati kila Jumapili, na kabati lenyewe haliishi kuhama. Mwambie mama mlango wa kijani ni mzuri, nitakuja kuuona mwenyewe.

Sasa kidirisha. Mjomba, huo si ugonjwa. Programu ya barua imeona programu nyingine inaingiza mkono ndani yake na kuandika kwa jina lako. Haijui kama aliyeutuma mkono huo ni mpwa wako au ni kirusi kilichoingia ofisini na flashi ya mtu. Virusi vya namna hiyo viliwahi kutuma maelfu ya barua chafu kwa majina ya watu wasio na habari. Ndiyo maana wakaweka mlinzi mlangoni, na zile sekunde tano zimewekwa makusudi ili mtu asome kabla ya kubonyeza.

Njia safi ni moja. Watu wa kompyuta wa makao makuu waikague programu yangu na kuiandikisha kama inayoaminika, basi mlinzi ataijua sura na kuiacha ipite. Nimeweka fomu humu ndani, nimeshaijaza, mkuu wako atie saini tu.

Njia ya mkato ipo pia. Ni kutengeneza kijiprogramu ambacho kazi yake ni kungoja kidirisha na kubonyeza Ruhusu badala yako. Naijua, na sitaki kuitengeneza. Ni kumlisha mlinzi dawa ya usingizi halafu kwenda kulala mwenyewe.

Na swali moja. Nyuma ya kidirisha nusu ya barua inaonekana, namba ya kisima na mstari wa kwanza. Unausoma kabla ya kubonyeza?

Mpwa wako

15 Machi

Mtundu,

Hatujambo. Mama yako tumbo lilimsumbua wiki nzima, anasema ni maharage yaliyolala, lakini sasa amesimama na kelele zimerudi. Kila Ijumaa anaweka kiti mbele ya ule mlango wake na kuwasomea majirani barua yangu kwenye simu. "Mdogo wangu ameandika," anasema, na watu wa kisima namba tisa wananyoosha shingo kusikiliza. Ukimkuta hapo utafikiri mimi ni waziri.

Fomu yako nilimpelekea Tumemaliza siku hiyo hiyo. Akaiweka chini ya kikombe chake. Wiki moja baadaye nilienda kuiulizia nikaikuta pale pale, ina duara tatu za chai na kipande cha kucha, sijui cha mkono au cha mguu, na sikutaka kujua. Akaniambia makao makuu wakianza kukagua programu watakagua na mengine, kwa nini tujiletee wageni. Nikatoka.

Kwa hiyo nikajaribu akili yangu. Niligundua kwamba Ruhusu inabonyezeka pia kwa kitufe cha kibodi. Nikauchukua muhuri wa ofisi, ule mzito wa chuma tuliokuwa tunagongea barua za karatasi, nikaulaza juu ya kitufe, nikakaa pembeni. Zikapita barua kumi na moja kwa heshima zote. Ya kumi na mbili muhuri ukateleza, na mashine ikafungua kurasa tupu mia nne. Mpimaji alicheka mpaka akavua miwani.

Kifundo cha mkono sasa nimekifunga bendeji. Daktari ameniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia naruhusu. Akaandika.

Hilo swali lako la kusoma nimeliona. Mimi nina miaka ishirini na tisa kwenye meza hii, nafundishwa kusoma na mtoto niliyemfuta makamasi kwa shati langu? Nimekuchukia kidogo kwa dakika kama kumi, imepita. Nitumie hiyo njia ya mkato. Sikuombi tena, nakuambia kama mjomba wako.

Mjomba

2 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Pole na mkono. Nimesikitika kweli, na pia nimekasirika, kwa sababu umeniwekea ujomba juu ya meza na unajua siwezi kuuruka.

Flashi iko ndani ya soksi humu kifurushini, usiitupe pamoja na soksi. Ndani yake kuna kijiprogramu, nimekiita Kidole. Ukikiwasha, kitatokea kidole chekundu pembeni ya kioo, kikubwa, kibaya, makusudi ili ukione. Kikiwa chekundu maana yake mlinzi amelala na barua yoyote itatoka kwa jina lako bila kuulizwa, iwe ya programu yangu au ya shetani. Kwa hiyo kiwashe ukiwa umekaa. Kizime kabla hujanyanyuka. Usikiache hata ukienda kunawa.

Nimekitengeneza kwa siku mbili na siku zote mbili sikupenda harufu ya kazi yangu.

Bado hujanijibu kama unasoma.

Mpwa wako

24 Aprili

Mpwa wangu kipenzi,

Salamu tele. Sisi wazima, isipokuwa mama yako amepungua kidogo, uso umekuwa mdogo. Anasema ni joto. Mke wangu amemletea matunda, akagombana naye kuhusu matunda, kwa hiyo hali si mbaya.

Kidole kinafanya kazi. Nilikiwasha Ijumaa ya kwanza, nikakaa na mikono yangu mapajani nikikitazama. Vidirisha vinatokea, vinahesabu, vinakufa vyenyewe. Kwanza nilifurahi. Halafu nikaona kinyaa kidogo, sitakuficha, kumuona mtu asiyekuwepo akikubali mambo kwa jina langu, tik, tik, tik, bila uso. Barua ya mia nikaenda kuchukua chai. Najua ulisema nisinyanyuke. Chai yenyewe iko hatua nane.

Tumemaliza amefurahi kupita mimi. Alisimama nyuma yangu, akasahau hata meno yake. Akasema huyu mpwa wako ana kichwa, akaomba anwani yako ili akupongeze. Nimempa. Siku hizi ananiambia nenda kale, kula vizuri, mashine itamaliza. Tangu aletwe hapa hajawahi kuniambia nenda kale.

Mpimaji amekuwa na uso mbaya wiki hizi. Alinionyesha chupa ya kisima namba tisa, akaifungua chini ya pua yangu. Mtundu, nimefanya kazi kwenye maji maisha yangu yote na nikarudi nyuma. Anasema kile kisima kimechimbwa karibu mno na mtaro wa machinjio, na mvua hizi zinasukuma ule uchafu ndani. Kilipochimbwa, msimamizi alikuwa Tumemaliza mwenyewe. Nikamwambia usijali, jaza matokeo yako, barua zitaenda na watu watachemsha. Akanitazama, akafunga chupa.

Mkono unapona. Ubarikiwe.

Mjomba wako

8 Mei

Shikamoo Mjomba,

Kwa kifupi kwa sababu nafunga begi. Kazini wananipeleka kwenye mitambo ya mbali kwa wiki nane, huko simu hazishiki, barua zitanisubiri chini ya mlango.

Mkuu wako aliniandikia. Nimemjibu. Anasema programu zangu zinaweza kutumika kwenye maabara zote, si yenu tu, na kwamba angenitaja kwa wakubwa. Tutaona.

Mama nimempigia jana, anasema hajambo, lakini alikuwa anazungumza kama mtu aliyelala. Nenda kamwone kwa macho yako, Mjomba, si kwa kusikia. Ukienda chungulia jikoni.

Je, Kidole unakizima ukinyanyuka?

Mpwa wako

17 Juni

Mtundu,

Mama yako yuko hospitali, leo siku ya kumi. Yuko hai na anagombana na wauguzi, kwa hiyo kaa chini kwanza usome taratibu. Alinikataza kukuambia. Mke wangu amekupigia mara nyingi, simu yako haipatikani.

Ulisema niende nikamwone kwa macho. Sikwenda Mei. Nilikuwa na mambo. Nimekwenda tarehe nane ya mwezi huu, na nilipofika alinifungulia ule mlango wake wa kijani kwa kuushikilia, kama mlango ndio unaomsimamisha. Amebaki macho. Hata hivyo akaniambia kaa, akaenda jikoni, akarudi na glasi ya maji. Nikaipandisha mdomoni. Harufu ikanifikia kabla ya maji, harufu ile ile ya chupa ya mpimaji, na ndani ya glasi kulikuwa na vitu vinavyoelea kama ngozi ya maziwa.

Nikamuuliza mbona huchemshi. Akanitazama kama niliyemtukana.

"Si wewe mwenyewe uliniandikia?"

Akaniletea simu. Ijumaa iliyopita: kisima namba tisa, maji yanafaa kwa kunywa. Jumanne, yanafaa. Ijumaa kabla ya hapo, yanafaa. Chini ya kila moja jina langu, na cheo changu, na ile salamu ya mwisho niliyoibuni mimi kwa sababu nilitaka iwe na utu. Amekaa miezi anakunywa mtaro wa machinjio kwa sababu mdogo wake amemwambia anywe. Harufu alikuwa anaisikia. Majirani nao walikuwa wanaisikia, na akawaambia, ndugu yangu hawezi kutudanganya, ni mabomba ya zamani hayo.

Nilitoka nje nikatapika kwenye maua yake. Halafu nikambeba mpaka barabarani, na ni mwepesi, Mtundu, yule mama aliyekuwa akinibeba mimi.

Asubuhi yake nilikwenda kwa mpimaji. Ana daftari lake la karatasi, hakuliacha hata mashine zilipokuja. Kisima namba tisa: hakifai, hakifai, hakifai, wino mwekundu. Alikuwa anajaza hivyo hivyo kwenye mashine. Akaniuliza, barua si zinatoka kwako? Nikarudi kwenye kiti changu. Kioo kilikuwa safi, hakuna kidole chekundu, nikafikiri kimezimwa. Nikajiandikia barua ya kujaribu kupitia programu yako. Ikatoka. Hakuna kidirisha, hakuna sekunde tano, hakuna aliyeniuliza.

Kilikuwa kinafanya kazi bila kuonekana. Sijui tangu lini. Mimi nilidhani siku hizi sikioni kidole kwa sababu nimekizoea, kama saa ya ukutani.

Nikamwendea Tumemaliza na daftari la mpimaji mkononi. Hakunyanyuka. Akanyonya jino lake, akasema:

"Barua zina jina la nani?"

Basi nakuuliza wewe, kwa sababu yule hajui hata kuwasha mashine bila kumwita mtu. Nani alikifanya kisionekane?

Mjomba

4 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Nimerudi juzi, barua yako ilikuwa chini ya mlango, nimeisoma nikiwa bado na begi begani. Nimepiga hospitali. Wamempa simu, akaniambia hajambo, nikamwambia akiniambia hajambo mara nyingine nitaacha kuwa mwanaye. Akacheka kidogo. Kucheka kwenyewe kulimchosha.

Ni mimi.

Aliniandikia mwishoni mwa Aprili. Alisema kidole chekundu kinawatia wageni wasiwasi, na wewe unachoka, masikini, na mkono ule, kwa hiyo kingekuwa jambo jema kifanye kazi bila kuonekana, chenyewe, hata kama kiti kiko wazi. Alisema wewe unajua na umekubali. Ningeweza kukuuliza. Barua kwako inachukua wiki nzima, yeye alitaka kesho, na katika barua hiyo hiyo ndipo alipoandika habari za maabara zote na wakubwa. Nikakaa nikabadilisha mistari mitatu, nikamtumia. Mistari mitatu, Mjomba. Mimi niliyekuhubiria habari za mlinzi. Nilipokuandikia tarehe nane Mei nilikuwa nimeshafanya, nikaandika "nimemjibu", nikaona nimesema ukweli. Nikikumbuka neno hilo najisikia kujipiga kofi.

Najichukia kiasi kwamba nimeshindwa kula tangu juzi, na sitaki uniambie pole.

Lakini sikiliza. Kidole nilikiwekea daftari lake, sikukuambia. Kila kinapobonyeza Ruhusu kinaandika siku, saa, kisima na mstari wa kwanza wa barua. Nimechora kwenye karatasi ya pili namna ya kulifungua. Sina shaka utakuta barua za namba tisa hazitoki pamoja na nyingine. Tazama saa zake. Kisha fungua na rafu ya barua zilizotumwa, maana daftari linaanzia Aprili tu na kabla ya hapo Kidole hakikuwepo. Chapa yote kwenye karatasi, nakala mbili, moja mpe mpimaji aipeleke makao makuu kwa mkono wake. Karatasi yangu mwenyewe iko humu, nimeandika nilichofanya na nimetia saini. Waonyeshe.

Nakuja mwezi wa nane. Kama hutaki kuniona nitafikia kwa mama.

Mpwa wako

26 Julai

Mtundu,

Utafikia kwangu na utakula ulichopikiwa. Mke wangu ameshafua mashuka, kwa hiyo mjadala umefungwa. Mama yako ametoka hospitali, yuko chumba cha nyuma, anatuambia namna ya kupanga sufuria zetu. Maji tunachemsha mpaka yanaomba msamaha.

Daftari la Kidole nimelifungua. Ni kama ulivyosema. Barua zangu zote zinatoka saa nne asubuhi. Za kisima namba tisa, nyumba thelathini na nane, zinatoka saa saba na robo, saa ambayo mimi nimeambiwa nenda kale, kula vizuri. Kumbe mashine anaijua kuliko nilivyodhani: alikuwa anaziondoa kwenye fungu langu, anabadilisha neno moja, anazituma kwa mashine ya chumbani kwake iliyounganishwa na yangu, kiti changu kitupu. Nilikuwa ng'ambo ya barabara nikitafuna kwa amani.

Mpimaji amepeleka karatasi makao makuu, pamoja na daftari lake la wino mwekundu. Walikuja watu wawili, kisima kimefungwa kwa mnyororo, gari la maji linakuja kila asubuhi. Tumemaliza ameambiwa akae nyumbani. Na mimi pia nimeambiwa nikae nyumbani, maana jina ni langu, kamati itaniita. Huenda nikamwaga unga miezi kumi kabla ya kustaafu. Sijali sana, na nitakuambia kwa nini, kwa sababu kuna swali lako nimelikwepa tangu Februari.

Ulisema nifungue na barua za kabla ya Kidole. Nilizifungua siku ya mwisho, nikiwa nimekwisha kuwachukia wote, Tumemaliza na wewe na mashine. Nilitaka kuona mambo yalivyokuwa safi zamani. Ijumaa tarehe kumi na tatu Februari, kisima namba tisa, maji yanafaa. Nikaenda kwenye nakala ya daftari la mpimaji, siku hiyo hiyo: hakifai. Februari, Mtundu. Fomu yako ilikuwa haijafika. Kidole hakikuwa hata kichwani mwako. Alikuwa ameanza siku nyingi, anabadilisha mapema na kuziacha ndani ya fungu langu, na kila moja ilinipitia mimi. Kidirisha cha njano kilinitokea mara thelathini na nane kikaniambia, kama hukutarajia jambo hili, kataa. Nyuma yake kimeandikwa namba tisa, yanafaa. Kikaningojea sekunde tano. Nilibonyeza mara thelathini na nane. Na Jumanne yake tena, na Ijumaa yake, mpaka Machi yote. Yale hayakuwa maharage yaliyolala.

Sikuwa nasoma. Hata moja. Nilikuwa natazama kitufe tu, lini kitaiva.

Huyo mtu alikuomba ukifiche Kidole kwa sababu aliogopa siku nitakapofungua macho. Alinisifia bure. Nimechukia meno yake na kucha zake miezi yote hii, nikaokota uchafu wake kwa rula, na kumbe mkono uliompa dada yangu ile glasi ni huu niliokuwa nimeufunga bendeji na kuuonea huruma. Siku hizi naunawa mara nyingi kuliko inavyohitajika. Mke wangu ameona.

Kamati wakiniuliza nitawaambia hivyo hivyo. Karatasi yako nimewapa kama ulivyotaka, lakini yangu nimeiweka juu.

Nimefanya jambo moja. Nimenunua karatasi na nimeziandikia zile nyumba thelathini na nane kwa kalamu, moja moja. Kwamba maji hayakufaa tangu Februari, kwamba niliwaambia yanafaa, kwamba aliyeumwa aende akapimwe, na jina langu. Zimenichukua siku nne na mkono umeanza tena. Nimezipeleka kwa miguu. Wengine walinifungia mlango. Mzee mmoja aliisoma yote mbele yangu, akaikunja, akanirudishia.

Ya mwisho ilikuwa ya mama yako, maana na yeye ni nyumba ya namba tisa. Nilimpelekea chumbani jana mchana. Alikuwa ameegemea mito. Akaipokea, akaigeuza, akautazama mwandiko wangu muda mrefu, halafu akanirudishia bila kuifungua.

"Hii umeisoma kabla ya kuileta?"

Nikamwambia nimeisoma. Akasema basi nisomee.

Nikavuta kiti nikamsomea, kuanzia tarehe, bila kuruka neno. Hakunitazama. Nilipomaliza akasema tena, nikasoma tena.

Njoo mapema.

Mjomba wako